Kumtafutia Kocha Gerlach Mpinzani

Jumanne, 11 Agosti 2020

Wamefuta msimu. Msimu mzima wa mpira wa Kimarekani, sababu korona! Barua ya ligi imeingia saa nne asubuhi, mistari sita, na jina la chuo chetu wamelikosea. Miaka ishirini na saba niko ofisi hii ya michezo, Platte Bend, na bado hawajui tunavyoandikwa.

Kocha Gerlach akaisoma kasimama. Akaisoma tena. Akaiweka mezani kwangu kama mtu aliyeletewa chakula cha mwenzake.

"Marlys, nitafutie timu ya kucheza nayo."

Nikamwambia ligi imekataza. Akasema ligi imefuta ratiba yake, haijafuta mpira.

Haya.

Nyumbani mume wangu Vern keshasikia redioni. Kakaa na mipira yake ya oksijeni puani, anacheka. "Gerlach atacheza tu, utaona." Anafurahi! Mtu ambaye daktari kamkataza hata kwenda kanisani.

Alhamisi, 13 Agosti

Simu kumi na tisa. Nimezihesabu kwa hasira.

Kocha wa chuo kimoja cha Iowa anataka kucheza, mkuu wake wa chuo hataki. Wa Missouri mkuu wake anataka, wachezaji wamekwisha rudi makwao. Wa Kansas kaniuliza, "Ninyi si ndio mliotufunga hamsini na sita kwa saba?" Nikasema ndiyo, lakini ni zamani. Akasema kwake ni jana. Akakata.

Kocha anachungulia mlangoni kila nusu saa. "Vipi?" Vipi nini? Ningekuwa na timu ningeificha kwenye droo?

Jumatatu, 17 Agosti

Wazazi wameandamana mbele ya ofisi ya mkuu wa chuo, wanataka watoto wao wacheze. Mabango, kengele za ng'ombe, biskuti. Mama wa mpiga mateke wa timu yetu kaniita mwoga, nusu saa nzima, barakoa inaning'inia sikio moja. Hajamaliza, akaja baba wa mchezaji mmoja wa ulinzi, mwalimu wa kemia hapa hapa chuoni, akaniita muuaji kwa kuwatafutia watoto mechi. Saa ile ile! Wote wawili wameondoka na namba yangu ya simu.

Nikapanda kwa mkuu, Dk. Haskamp, kuuliza msimamo.

"Sikukatazi, Marlys. Wala sikuruhusu."

Sasa niandike nini? Nimeandika "amesikia."

Ijumaa, 21 Agosti

Barua ya pili ya ligi. Atakayecheza nje ya ligi, atoke kwenye ligi. Safari hii jina wamelipatia.

Kocha kacheka, kaibandika ukutani.

Mchana kaja Tobin Schroer, nahodha. Kijana mkubwa kama jokofu, kwao wana ng'ombe huko Custer. Barakoa kidevuni — nikamwambia apandishe. Akapandisha.

"Umepata, Bi Marlys?"

"Sijapata. Na nyie mnadhani mnakimbilia nini? Ligi itatufukuza, nusu ya wazazi watatushtaki."

Akakaa juu ya sanduku la kofia ngumu za wachezaji, likalia. Akasema huu ni mwaka wake wa mwisho, Desemba anarudi kulisha ng'ombe, basi. Miaka minne kacheza katikati ya mstari wa mbele, uso kwa uso na wapinzani, hakuna anayemtazama mtu wa katikati ila mama yake. "Sitaki kombe. Nataka mechi moja tu ambayo najua ni ya mwisho. Ile ya mwaka jana sikujua."

Nikamfukuza, nina kazi. Nilimkasirikia kwa sababu katika wote waliokuja hapa mwezi huu, ni yeye tu niliyemwelewa.

Jumatano, 26 Agosti

NIMEPATA! Chuo cha Cutler, Dakota Kusini. Ligi yao nayo imefuta. Mratibu wao anaitwa Dwight Pasek, mzee mwenzangu, sauti ya mtu ambaye hajalala. Tumeelewana upesi kama watu wawili wanaolia kilio kimoja. Jumamosi tarehe tano, kwetu, bila mashabiki. Kila timu ipime wachezaji korona siku nne kabla.

Kocha kaninyanyua juu. Umri wangu sitini na moja! Nikamwambia aniweke chini, kuna korona.

Bado waamuzi. Wanatakiwa saba, wamekubali wanne, mmoja ana miaka sabini na tatu na goti la chuma.

Jumapili, 30 Agosti

Vern anataka kuja na pikapu, aegeshe barabarani, atazame kwa darubini. Nimesema hapana. Kasema mimi ndiye niliyeitafuta mechi yenyewe, sasa yeye tu ndiye asiione? Nikapiga kelele.

Hatujasemezana tangu chakula cha mchana.

Jumanne, 1 Septemba

Vijana wetu wote wazima. Tisini na moja! Nilisoma orodha nikisali.

Ya Cutler imeletwa kwa faksi: majina tu, na "sawa" mbele ya kila jina. Hakuna muhuri wa daktari. Nikampigia Dwight. Kasema unakuja. Kocha kasema nisitafute ugomvi.

Vern atabaki na redio. Kwa mdomo hajakubali, ila kaniagiza betri.

Alhamisi, 3 Septemba

Muhuri haujaja. Dwight hapokei.

Jumamosi, 5 Septemba

Ninaandika haya ndani ya kibanda cha tiketi.

Saa tatu asubuhi Dwight kapiga. Yuko nyumbani kwake, hakusafiri na timu, na akasema hajanipigia mimi, nimeelewa? Nikasema nimeelewa. Wachezaji wao watatu wana homa tangu Alhamisi. Kocha wao kawapa vidonge vya kushusha, kawapakia basini. Korona hawakumpima hata mmoja.

Nikaenda kwa Gerlach. Anachora mishale ubaoni. Nikamwambia yote.

"Nani kasema?"

"Siwezi kusema."

"Basi hakuna aliyesema." Akaendelea kuchora. "Homa, Marlys. Vumbi la mavuno. Kila mtu ana homa Septemba."

Dk. Haskamp — simu inaita, haipokelewi. Mara nne. Hakatazi wala haruhusu, na sasa hayupo.

Basi limetokea saa tano. Nikaliona tangu kwenye mashamba ya mahindi, jeupe. Sijui niliwaza nini. Nikafunga geti la wageni kwa mnyororo, kisha na la vijana wetu kutoka chumba cha kuvalia, nikajifungia humu na funguo. Mimi! Ambaye nimeitafuta mechi hii wiki mbili!

Gerlach kagonga mpaka kachoka. Kwanza "Marlys mpenzi," kisha "Marlys," kisha neno ambalo siandiki. Kaenda kutafuta mkasi wa kukatia chuma.

Halafu Tobin kaja kwenye kidirisha, ng'ambo ya uzio, na kinga zake zote za plastiki mabegani. "Bi Marlys, kuna nini?"

Nikamwambia. Watatu, homa, vidonge. Sikupunguza neno.

Akasema, "Hao watatu, wanacheza mstari?"

"Sijui."

"Kama ni mstari, ni mimi nitakayepumuliwa usoni." Akatazama basi. "Na ni mechi, Bi Marlys. Iko pale."

"Iko pale."

"Ungekuwa mimi?"

Nikasema mimi nina mume nyumbani mwenye mapafu mabovu, asiniulize mimi. Akaitikia kwa kichwa, akarudi kwa wenzake.

Wamepiga magoti duara, kofia chini. Mmoja anapiga kelele, mwingine anatikisa kichwa. Tobin anaongea, sisikii. Gerlach anakuja na mkasi, anakimbia — sijawahi kumwona akikimbia. Basi limezima injini.

Kuna mikono inainuliwa ndani ya duara, kura ya kucheza au kutocheza, sijui ni ya lipi. Nimeanza kuihesabu. Wengine wanaishusha, wanainua tena.