Mshono Mbaya ni wa Duka

Mwaitu, mama yangu mpendwa,

Pokea salamu za mwanao kutoka Sultan Hamud, kwenye joto la kukausha nguo kabla hujazianika.

Wiki yangu ya kwanza kwa Mama Nduku, mwenye hili duka la ushonaji, nilishona blauzi sita za kwaya nikageuza mikono, ndani ikawa nje. Na kanisa lilizitaka kesho yake! Nikachukua mfuko wangu nirudi nyumbani Kitui, maana kwenye duka nililofanyia kazi kabla ya hapa nilifukuzwa kwa kosa dogo kuliko hilo.

Mama Nduku akaniuliza, "Unaenda wapi na muthokoi imeiva?" Akasimamisha cherehani zote, akagawa nyembe, akachukua blauzi ya kwanza yeye mwenyewe. "Hapa mshono mbaya ni wa duka, si wa mtu." Tulifumua sote watano, tukicheka, kisha tukala ile muthokoi ya mahindi na maharagwe kutoka sufuria moja.

Leo msichana mgeni hapa kazini ameshona kola kinyume, akaanza kulia. Nimeshika wembe kabla Mama Nduku hajainua macho.

Asante kwa maombi yako. Lala kwa amani, Mwaitu: mwanao hafumui peke yake.

Mumbua