Madawati Manne ya Njoroge

Alhamisi, Juni 1982

Miezi sita tu, si maisha yote. Asante Mungu, leo nimekula nikashiba.

Mwanangu Njoroge alitengenezea serikali madawati mia mbili ya shule. Manne yakapinda, kwa sababu alikosa subira akatumia mbao mbichi. Kwa hayo manne kamati ya serikali ilitaka asipewe kazi yao tena mpaka afe.

Leo nimeingia naye mbele ya kamati. Nikamwambia mkubwa wao, "Amekosa, mwadhibuni. Lakini mzee, bibi yako akiunguza ugali siku moja, unamrudisha kwao?"

Akacheka mpaka miwani ikamteleza. "Keti, shosho," akaniambia, kana kwamba mimi ni nyanya yake.

Wakamfungia kazi za serikali miezi sita tu, na ayatengeneze manne upya.

Naiogopa hiyo miezi bila pesa za serikali. Lakini Njoroge nimemwonya: akigusa tena mbao mbichi, nitamfungia mimi, na sitaitisha kamati.