Kiti Kilichoshushwa kwa Ajili ya Dada Yako

Chumba cha mbele, nyumbani,
Jumatano, tarehe 9, saa nne asubuhi.

Mpendwa shemeji yangu,

Kosa ambalo watu wengi hulifanya magoti yanapoanza kuuma ni kulaumu umri kabla hawajatazama kiti cha baiskeli. Nitalieleza, maana unanijua, siwezi kuacha jambo bila kulieleza. Lakini salamu kwanza. Hujambo? Mgongo unaendeleaje, na kile kikohozi kinachokuamsha alfajiri kimekwisha? Mama watoto na watoto hawajambo? Sisi huku ni wazima. Tunakula, tunalala, na bomba la jikoni limeacha kuvuja.

Barua yako niliipata. Uliniuliza mambo mawili: kama nalia, na kama ile baiskeli bado ipo. Naanza na la kwanza kwa kuwa ni fupi. Silii. Tangu tumzike dada yako, miezi saba sasa, sijalia hata mara moja, na watu wameanza kunitazama kwa jicho la pembeni. Si ujasiri, shemeji. Unaujua mkono ulioulalia: unaugusa, unaona ni wako, lakini haukwambii kitu. Ndivyo nilivyo, mwili mzima. Binti yangu akiniuliza kama chai ina sukari ya kutosha, naonja mara ya pili, kisha namrudishia kikombe aonje mwenyewe.

La pili ni refu, na ndilo lililonichelewesha kuandika. Uliniomba baiskeli ile isitoke nyumbani. Imetoka.

Magoti yalinizidi mwezi uliopita, nikaipeleka kwa fundi wa baiskeli wa hapa mtaani, tunayemwita Spoku kwa wembamba wake, kama waya wa gurudumu. Nilimfundisha hesabu akiwa darasa la tano. Nilitaka atie mafuta kwenye cheni, basi. Yeye akaiinua, akaigongagonga fremu kwa kidole kama daktari anayesikiliza kifua, halafu akaniita nikaone. Bomba linalobeba kiti lilikuwa na ufa mwembamba kama unywele, umezunguka karibu nusu.

"Chomelea," nikamwambia.

"Sichomelei, Mwalimu. Kesho kutwa itakatikia mteremkoni, watu waseme Spoku amelipiza zile fimbo."

"Zilikuwa chache."

"Ulizihesabu wewe? Mimi ndiye niliyezihesabu." Kisha akakitazama kiti. "Na hiki mbona kimelala chini hivi? Unaendesha umechuchumaa kama mtu anayepuliza jiko. Magoti yataacha kuuma vipi?"

Jibu lake nakupa wewe. Kiti kile nilikishusha mwenyewe wiki ya harusi yetu. Dada yako alikataa kurukia keria ya nyuma baiskeli ikiwa inatembea. Alisema wewe ulimwangusha mkiwa wadogo, kwenye kona, na badala ya kumwinua ukakaa chini ukacheka. Kwa hiyo alitaka isimame kabisa, nyayo zangu zote mbili zikiwa chini, ndipo apande, akae kiubavu na kupanga nguo yake. Mimi nauliza, "Umekaa?" Hajibu kwa mdomo. Ananigonga mgongoni mara mbili, tunaondoka. Namshusha zahanati kwenye kazi yake ya uuguzi, mimi naendelea hadi shuleni. Miaka thelathini na moja.

Alipoondoka, nikaendelea vilevile. Nakanyaga chini kwa miguu yote miwili, nangoja, ndipo naenda. Sikujua kuwa nangoja. Jirani yetu mshonaji ndiye aliyeniambia, tena kwa upole, kwamba kila asubuhi nasimama mlangoni kama mtu aliyesahau kitu ndani, na sirudi kukichukua.

Spoku akanitafutia baiskeli nyingine, ya kijani, imeshatumika lakini imenyooka. Akakipandisha kiti kwa kipimo, akakaza nati, akauliza, "Niweke na keria?" Nilipitisha kiganja juu ya gurudumu la nyuma. Mwishowe nikasema, "Acha kwanza."

Sasa nisikilize, maana hapa ndipo penye jambo lenyewe. Kiti kikiwa juu, nyayo zote mbili hazifiki chini. Unagusa kwa ncha ya kidole tu, baiskeli inayumba, huwezi kusimama ukangoja. Ama uende, ama uanguke. Nikaenda.

Mguu ulinyooka, shemeji. Nilikuwa nimesahau kwamba mguu unaweza kunyooka juu ya baiskeli. Nilipita ukuta wa shule, nikapita maghala, na kwenye ule mteremko mrefu nikaachia breki. Upepo ukaingia kwenye mikono ya shati ukatokea mgongoni. Ikanitoka sauti ambayo siwezi kukuambia ilikuwa ya nini. Muuza vioo akatoka dukani mwake na kupiga kelele, "Mzee, breki zipo?" Nikamjibu, "Zipo, zinapumzika!" Nilikuwa nacheka. Mimi.

Nilipofika chini kwenye tambarare ndipo nikakumbuka kuwa sikuuliza, "Umekaa?"

Nilishuka. Nikageuka kutazama nyuma. Hakukuwa hata na keria.

Nikaona nimemwacha. Nilisimama kando ya barabara nimeshika usukani, na hapo ndipo ule mkono uliolaliwa ulipoanza kurudiwa na damu, nawe unajua jinsi unavyochoma. Haikudumu. Nilipofika nyumbani ganzi ilikuwa imesharudi mahali pake, nikala, nikaosha sahani. Lakini kesho yake nikatoka tena, nusu kwa sababu ya upepo, nusu kwa sababu ya ule mchomo. Nimetoka kila siku tangu hapo. Siku nyingine sisikii chochote. Siku nyingine nasikia kidogo.

Baiskeli ya zamani imefumuliwa. Magurudumu yako kwa Spoku. Keria ninayo, ipo juu ya kabati pamoja na kile kitakia cha kukalia alichokishona dada yako kwa pazia la zamani. Ukivitaka, ni vyako. Wewe ni damu yake, na kama umekasirika kwamba sikukuuliza kwanza, una haki. Niandikie hivyo hivyo ulivyokasirika. Nitasoma kila neno.

Ila nawe umeandika kwamba baiskeli yako imetundikwa ukutani tangu mazishi, hutoki, na magoti yamekwisha. Una miaka hamsini na mitatu. Kiti chako nilikiona nilipokuja kwenu mara ya mwisho, kimekaa chini kama changu. Uliniambia ni kwa ajili ya dada yako, akija kukutembelea asipate shida ya kupanda. Kwa hiyo tulikuwa wawili tuliokunja miguu, na naona sote bado tunamngoja mlangoni.

Binti yangu anamsalimu mjomba wake. Mshonaji naye anakusalimu. Msalimie mama watoto, na yule mtoto wenu wa mwisho anayesumbuliwa na hesabu mwambie anitumie daftari, nitasahihisha bila fimbo. Mungu akupe usingizi mzito na asubuhi nyepesi.

Nabaki mimi, shemeji yako mkubwa, ninayekupenda kama alivyokupenda yeye,

Mwalimu

Usiikunje barua bado. Leo, kabla ya chakula cha mchana, shusha baiskeli yako ukutani, iegemeze, kaa juu yake, weka kisigino kwenye pedali iliyo chini kabisa. Goti likiwa bado limekunjika, pandisha kiti.