Maelezo ya Muuguzi Kuhusu Kinyozi Aliyeitwa Mlevi

KITUO CHA POLISI, CHUMBA CHA UPELELEZI
MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Limehifadhiwa kwenye jalada. Kliniki wananiita Dada Maji.
Umri: Miaka 47
Kazi: Muuguzi, kliniki ya afya ya akili
Makazi: Nyumba za wafanyakazi, nyuma ya hospitali
Tarehe na saa: Alhamisi, tarehe 26 mwezi huu, saa nne na robo asubuhi

Nimekuja kwa miguu yangu, sikuitwa na mtu. Afande amenieleza kwamba nikisema uongo ninaweza kushtakiwa. Nimemjibu kuwa ukweli wenyewe unatosha kunitia matatani. Amecheka, kisha akaona sicheki, akaanza kuandika.

Mtuhumiwa, anayedaiwa kumkata mteja sikio akiwa amelewa, ninamfahamu kwa miaka sita. Ni kinyozi, ana duka dogo la viti viwili karibu na geti la hospitali. Anatumia lithiamu, dawa ya watu ambao hisia zao hupanda mpaka hawalali wiki nzima, halafu zikashuka mpaka hawaoni sababu ya kuoga. Tangu aanze kuitumia hajalazwa hata mara moja. Lakini ni dawa isiyotaka mzaha. Ikipungua mwilini haisaidii, na ikizidi kidogo tu inageuka sumu, na mwili ukikosa maji huzidi upesi. Ndiyo maana kila mgonjwa akiingia mlangoni namuuliza kama amekunywa maji, wakaniona nina wazimu wangu, wakanibandika jina hilo.

Lithiamu humfanya atetemeke vidole kidogo. Hilo ni la kawaida na yeye amelizoea: akinyoa huegemeza mkono begani kwa mteja, na wateja wanadhani ni ukarimu. Pombe haonji. Hata dawa ya kikohozi hainywi kabla hajaniuliza.

Mnamo tarehe 20, siku ya Ijumaa, saa tisa na dakika arobaini alasiri, nilitoka kazini nikaenda dukani kwake kunyolewa. Mimi hunyoa nywele zote, sina muda wa kusukwa. Nilimkuta mwalimu mstaafu wa hesabu, ambaye ndiye mlalamikaji, amekaa kwenye kiti cha kwanza. Upande wa kushoto wa kichwa ulikuwa umenyolewa safi na upande wa kulia ulikuwa bado msitu. Sikio la kulia lilikuwa linatoka damu. Mwalimu aliinuka na shuka la kinyozi shingoni, akafoka: "Huyu kalewa! Kalewa saa tisa mchana!"

Nakiri kwamba nilitaka kucheka. Kisha nikamtazama kinyozi, hamu ya kucheka ikaniisha. Mkono wote ulikuwa unaruka, si vidole tu. Alipojaribu kunisalimia, maneno yalitoka mazito na yamevurugika. Alipiga hatua mbili akaangukia sinki, akatapika. Nilimnusa mdomoni. Hapakuwa na pombe, palikuwa na matapishi tu na sabuni ya ndevu. Nilimuuliza ameanza lini. Akasema kuhara ni tangu juzi.

Afande ameniuliza nilijuaje kuwa si ulevi. Najibu: kutetemeka kwa vidole ni jambo la kila siku kwa anayetumia lithiamu. Kutetemeka kwa mkono mzima, kuyumba, kuhara, kutapika na ulimi kuwa mzito, vyote kwa pamoja, maana yake dawa imejaa mwilini na figo zimeshindwa kuitoa. Mtu anaweza kufa. Niliogopa sana, na sioni haya kusema hivyo.

Saa kumi na dakika tano walifika askari wawili, waliitwa na jirani. Niliwaambia huyu apelekwe hospitali. Mmoja alisema, "Mama, wote tukiwakamata huwa wanaumwa." Nikapanda gari lao bila kukaribishwa, nikakaa na kichwa cha kinyozi mapajani. Nilimwambia yule askari kwamba akimfia mahabusu nitamwandika jina, namba na saizi ya viatu. Dereva akakata kona kuelekea hospitali. Yule dereva namshukuru hadi leo.

Damu ilipimwa saa kumi na moja kasorobo. Kiwango cha lithiamu kilikuwa 2.4. Sisi hatupendi kivuke 1. Daktari alisimamisha dawa na kuagiza dripu ya maji ya chumvi, na mimi nilikaa naye nikipima mkojo, mapigo ya moyo na maneno yake, maana kwa mgonjwa wa namna hii maneno nayo hupimwa. Sikio la mwalimu nililisafisha mwenyewe nikalibandika plasta moja. Alikataa kunishukuru, lakini aliuliza mara mbili kama yule kinyozi atapona.

Tarehe 23, siku ya Jumatatu, saa mbili asubuhi, mtuhumiwa aliamka akiwa na akili zake timamu. Swali lake la kwanza lilikuwa kama mwalimu alimaliziwa upande wa pili. Wodi nzima ilicheka. Mke wake, ambaye ni fundi cherehani, alikuwepo. Nilimuuliza mke kama mumewe alibadilisha chochote nyumbani. Akanijibu: "Si wewe mwenyewe, Dada? Tangu ulipowafundisha, nyumba nzima hatuli chumvi. Mpaka watoto wananichukia."

Hapo nilikaa kwenye kitanda cha mgonjwa, jambo ambalo wanafunzi wangu wa uuguzi nawakataza.

Naomba afande aandike sehemu hii kama ninavyoisema. Kila Jumatano kliniki mbili hutumia ukumbi mmoja. Benchi la kulia hukaa wagonjwa wa presha. Benchi la kushoto hukaa wagonjwa wangu: wa lithiamu, na wale wa dawa za sonona, ambao kazi yangu kubwa ni kuwasihi wasiziache siku ya tatu kwa sababu hawajaona nafuu, maana nafuu yenyewe huja baada ya wiki kadhaa. Kabla ya somo la chumvi huwa nasema, "Wa kulia nisikilizeni, wa kushoto zibeni masikio." Wote hucheka na baadhi huziba kweli. Mnamo Jumatano, tarehe 4 mwezi huu, muuguzi wa presha hakuja, mimi nilichelewa, na watu walikuwa wengi. Niliingia nikisema moja kwa moja: "Jamani, chumvi ni adui. Punguzeni, mkiweza acheni." Sikusema nasema na nani.

Kwa mtu wa lithiamu chumvi haiachwi. Akiiacha ghafla, figo hukosa chumvi ya kushikilia, zikaishikilia lithiamu badala yake, nayo ikarundikana. Hilo nalijua kama ninavyojua njia ya nyumbani. Kinyozi alikuwa mstari wa mbele, benchi la kushoto, na daftari lake. Yeye huandika. Alielewa vizuri, mimi ndiye niliyekosea.

Nilimweleza hivyo siku hiyohiyo ya Jumatatu. Aliniomba maji.

Jana, tarehe 25, saa nane mchana, nilisikia wodini kwamba askari alikuja kuchukua maelezo ya mtuhumiwa, naye amekiri kuwa siku ile alikunywa chupa mbili za pombe. Nilikwenda kitandani kwake nikamuuliza kwa nini amejisingizia. Alitazama mlango kwanza. Akasema: "Dada, mimi wakiniita mlevi watachoka wenyewe. Wewe ukifukuzwa, sisi wa benchi la kushoto tutabaki na nani?"

Nilikasirika, nikalia, nikakasirika tena kwa kulia mbele ya mgonjwa. Nilimwambia miaka sita nimempigania asiitwe majina mitaani, hawezi kujiita jina moja zaidi kwa ajili yangu. Akasema nimechelewa, ameshatia sahihi. Nikamwambia hata mimi nina kalamu.

Kwa hiyo nasema: kukiri kwake si kweli. Hakunywa. Alitii alichofundishwa, akatii kupita kiasi kwa sababu anataka kuwa mzima. Nimeyasema haya nikiwa na akili timamu na bila kushurutishwa, na nikiitwa mahakamani nitayarudia kwa sauti kubwa zaidi.

Sahihi ya shahidi: (imewekwa)

Maelezo ya afisa: Shahidi amesomewa haya yote akayakubali na kutia sahihi mbele yangu. Ameomba sahihisho moja: mahali nilipoandika "huenda mgonjwa alielewa vibaya" nimefuta na kuweka maneno yake mwenyewe. Nimependekeza maelezo ya mtuhumiwa ya tarehe 25 yasitumike. Nilimuuliza shahidi kama anafahamu kwamba maelezo haya yanaweza kumfikia mwajiri wake. Amejibu kwamba nakala ya kwanza ya maelezo haya ameiandika kwa mkono wake na kuiweka mezani kwa muuguzi mkuu saa moja na nusu asubuhi, kabla ya kuja hapa.