Waridi la Kanda ya Nane

Setúbal, 2 Septemba 2008

Mama Tecla mpendwa,

Nakuamkia kwa heshima zote. Magoti yanaendeleaje? Na kifua? Mimi mwili ni mzima, mengine tuyaache.

Tangu nirudi huku ng'ambo baada ya kumzika mwanao Valeriu huko kijijini sijakuandikia, niwie radhi. Kila nikishika kalamu naishia kwenye jina lako. Pale kazini, kwenye bustani ya kuuza miche, wamenihamishia nyuma kujaza udongo kwenye vyungu, ili wateja wasinione nikilia.

Nimempa dereva wa basi dogo linalokuja huko furushi lako. Ndani kuna mche wa waridi, mizizi nimeizungushia kitambaa kibichi. Ni lile la kwenye roshani yetu. Valeriu alilipanda mwenyewe ndani ya kopo la zeituni wiki tuliyohamia, akawa analisemesha kila asubuhi kabla ya kwenda kwenye kazi ya ujenzi. Hata siku aliyoanguka kutoka juu ya jengo alikuwa amelimwagilia maji. Nakuomba ulipande kaburini, upande wa kichwa. Mimi nisipokuwapo, liwepo hilo.

Mkweo,
Raisa


Horbănești, 21 Septemba 2008

Mkwe wangu Raisa,

Salamu zimefika na furushi limefika. Mimi nina uzima wa kizee: goti la kulia linatabiri mvua kuliko redio. Wewe unakula? Usinidanganye, najua mapishi ya mtu anayekula peke yake.

Sasa nikuambie jambo, usinune. Miaka thelathini nilifanya kazi kwenye kitalu cha shamba la ushirika, kazi yangu ikiwa kuchagua miche itakayohimili baridi ya huku. Huyu mgeni wako nimemtazama. Gome laini, majani ya kung'aa, tena bado anachipua mwezi huu wakati kila mti wenye akili umeshaanza kusinzia. Huyo ametoka kwa watu wasiojua koti. Januari hapa inashuka digrii ishirini na mbili chini ya sifuri, na wewe ulishaamka kwenye baridi hiyo, hukusimuliwa.

Kaburini tunapanda kilichozaliwa hapa. Kuna lilaki la maua ya zambarau, kuna waridi la vichakani, kuna ule mtambaa wetu wa maua ya buluu ambao theluji huulalia miezi minne na chini yake uko kijani vilevile. Wanasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Kwa huyu, jembe nitashika mimi, kila mwaka, mpaka nami mnichimbie.

Waridi nimelihifadhi kwenye ndoo kwanza. Niambie nipande nini.

Mama mkwe wako,
Tecla


Setúbal, 5 Oktoba 2008

Mama mpendwa,

Natumaini barua hii inakukuta na nguvu. Mimi nakula, nakuapia, ingawa supu ya huku haina uchachu.

Nimemuuliza mkuu wetu wa bustani. Ana ramani ukutani iliyogawa nchi zote katika kanda za baridi, na namba ikipungua baridi inazidi. Setúbal ni kanda ya kumi. Horbănești aliitafuta kwa kidole, akasema ya sita, na mwaka mbaya ya tano. Waridi letu ni la kanda ya nane. Akacheka, akaniambia nikuchagulie kingine, maana huu ni upotevu wa mche.

Mama, sitaki kingine. Lilaki halikumjua Valeriu. Waridi lifukie kama unavyofukia mizabibu wakati wa baridi, nami naahidi: Pasaka ya Wafu, kijiji kitakaposhuka makaburini na vyakula, nitakuwapo. Nitalifukua kwa mikono yangu, halafu tutakaa pale wawili, tule naye.

Mkweo,
Raisa


Horbănești, 12 Novemba 2008

Mkwe wangu,

U hali gani? Huku theluji ya kwanza imekuja ikaondoka, ilikuwa inapima tu.

Nimelipanda. Si kwa ajili ya ramani, ni kwa sababu umeahidi. Juzi nimelifukia: nimeondoa majani yote, nimelaza matawi polepole nikayabana chini kwa vijiti, nikamwaga ndoo tatu za udongo mkavu, juu nikafunika matawi ya msonobari. Nailoni sikutumia. Vijana wa siku hizi wanafunga kila kitu nailoni, mche unatoka jasho na kuoza.

Jirani Parascovia alipita, unamjua kwa mdomo wake. Akasimama akasema, "Weh Tecla, unamzika mwanao mara ya pili?" Nikamwambia, "Huyu wa pili anafufuka Aprili, njoo uone." Nilipofika nyumbani ndipo nikalia.

Raisa, sina mtoto mwingine. Hakuna mtu mwingine hapa duniani ambaye nikimtajia jinsi Valeriu alivyokuwa akicheka, atanijibu "ndiyo, vile vile." Ni wewe tu. Nakungoja.

Mama mkwe wako,
Tecla


Setúbal, 16 Februari 2009

Mama mpendwa,

Pole na baridi, naisikia kwenye habari. Hapa milozi imeshachanua.

Haya ni mafupi kwa sababu dereva anaondoka. Likizo nimepewa. Nitafika tarehe 25 Aprili, siku mbili kabla ya Pasaka ya Wafu. Ile kazi ya kulifukua usiningojee mimi, fanya wewe wakati wake ukifika, ili nilikute limeota majani. Nataka nimwone akiwa na majani.

Mkweo,
Raisa


Horbănești, 10 Mei 2009

Mkwe wangu Raisa,

Natumaini u mzima, maana sikupata neno lolote. Nilimuuliza dereva, akasema hukuwa kwenye orodha yake.

Nilikaa kaburini na sahani mbili. Ya kwako nilimpa Parascovia kwa roho ya marehemu, akaila bila kusema kitu, na kwa Parascovia hiyo ni huruma kubwa. Pengine kazi ilikubana. Kazi ni kazi.

Waridi halijambo.

Mama mkwe wako,
Tecla


Setúbal, 30 Juni 2009

Mama mpendwa,

Nisamehe. Walinikatalia likizo siku za mwisho kwa kuwa ndiyo miezi ya mauzo. Nimekutumia dawa ya kuchua magoti na kahawa. Nafurahi waridi ni zima. Nieleze likichanua.

Mkweo,
Raisa


Horbănești, 4 Oktoba 2009

Mkwe wangu,

Dawa inaunguza vizuri, asante. Kahawa naficha, la sivyo Parascovia atahamia kwangu.

Umeniuliza habari za waridi. Limechanua. Maua matatu, makubwa, mekundu kama mayai ya Pasaka, na kila anayepita makaburini anasimama. Kwa hiyo mwakani usikose, litakuwa limepanuka zaidi. Nimeshaanza kuchambua njugu za walnuti kwa ajili ya keki yako.

Mama mkwe wako,
Tecla


Setúbal, 7 Februari 2010

Mama mpendwa,

Sijui nianzie wapi, hata salamu zinanishinda. Natumaini u mzima.

Waridi la Valeriu ni la njano, mama. Wewe hujawahi kuliona likichanua, nami sikuwahi kukutajia rangi. Niliposoma "mekundu" nikajua limekufa, na nikajua umenidanganya ili nirudi. Miezi minne sikukuandikia, wala si kwa hasira. Nilijisikia nimefunguliwa, halafu nikaona aibu kwa kujisikia hivyo.

Na mimi nilikudanganya. Likizo sikunyimwa. Tiketi nilikata, begi nikafunga, nikafika mpaka kwenye basi. Aliyenisindikiza anaitwa Duarte, anaendesha gari la bustani yetu. Nilimtazama amesimama na begi langu, nikashindwa kupanda.

Tunaoana mwezi ujao. Nina mimba ya miezi mitano. Valeriu simsahau, lakini sirudi tena kuishi huko, na nimechoka kuahidi. Nakuomba jambo moja: niruhusu niendelee kukuita mama.

Raisa


Horbănești, 13 Aprili 2010

Raisa mpendwa,

Nakusalimu, wewe na hilo tumbo. Magoti usiyaulize, yananipeleka makaburini na kunirudisha, hayana safari nyingine.

Barua yako imekaa chini ya kitambaa cha meza miezi miwili. Jana Pasaka ya Wafu nilikwenda nayo, nikamsomea Valeriu kwa sauti, yote, isipokuwa ile ya mimba. Hiyo ilinikwama kwanza. Nililia kwa wivu, nakuambia kweli. Miaka sita mlikuwa mnasema "tukipata nyumba kwanza, mama."

Sasa usikie waridi lilivyokufa. Unazijua zile siku tisa za vikongwe za mwanzo wa Machi, kila mwanamke anachagua siku yake na hali ya hewa inamwambia mwaka wake. Mwaka ule sikujichagulia, nilikuchagulia wewe, tarehe nne. Jua likatoka kali, paa zikadondosha maji. Nikasema, huyu anakuja. Nikachukua sepetu nikalifukua siku ile ile, mimi niliyefundisha wasichana wa kitalu miaka thelathini kwamba kabla ya katikati ya Aprili mtu asiguse udongo. Nilitaka majani yatangulie kabla hujafika. Siku nane baadaye baridi ikashuka digrii kumi na mbili chini ya sifuri, asubuhi matawi yakawa meusi mpaka shinani. Huku tunamcheka yule kikongwe wa hadithi aliyevua makoti yake yote akidhani baridi imekwisha, akaganda. Mimi sitamcheka tena.

Kwa hiyo si wewe uliyeliua. Ni mimi, kwa haraka ya kukuona.

Mahali pake nimepanda ule mtambaa wetu wa maua ya buluu. Haufukiwi wala haufukuliwi, hauna haja na mtu. Nilipaswa kuupanda tangu mwanzo, ila nilikuwa nataka kitu kitakachokulazimisha urudi.

Ndoa yako iwe njema. Uzae salama. Nakubariki, na nimeisema baraka hiyo kwa sauti pale pale kaburini mbele yake, asije akadhani tumemficha.

Lakini hilo uliloniomba, hapana. Huko utapata mama mwingine, na mtoto wako anahitaji bibi asiyelia kila akimtazama. Muite huyo. Mimi nilizaa mmoja. Miaka yote mlikuwa mkiingia pamoja mlangoni, wewe unatangulia kuita "mama", yeye nyuma anafuta viatu. Mpaka leo nikisoma neno hilo kwa mwandiko wako, natazama nyuma yako kama naye anaingia.

Mama Valeriu