Filimbi ya Mafabi

Jumatatu, 8 Juni 2015. Nakuru kuna baridi na mawingu mazito. Mwezi huu natimiza miaka kumi na minane tangu niondoke Jinja.

Dada yangu Nambozo alipiga simu asubuhi kutoka Malukhu, Mbale. Ukoo umekubali hatimaye kumfanyia matanga mdogo wetu Mafabi. Mwaka 1996 tulimzika harakaharaka, bila wimbo, kwa sababu alijiua. Nambozo anataka nije.

Mafabi na mimi tulikuwa askari jela Jinja. Ugonjwa wake leo unaitwa baipola: wiki tatu halali, anaimba na kupanga kununua lori, kisha mwezi mzima ameugeukia ukuta. Daktari aliniambia mimi peke yangu: asiache vidonge, na akitulia ghafla baada ya huzuni, asiachwe peke yake. Nilificha, asije akafukuzwa kazi.

Nilimficha hata Nambozo.

Siku moja akaamka ametulia, amenyoa ndevu. Akaomba likizo ya wiki mbili kwenda kwa dada. Mimi ndiye niliyekuwa stoo. Akakabidhi sare, mkanda, buti zinazong'aa. Mwisho akaweka filimbi mezani. Askari anayekwenda likizo haachi filimbi. Huiacha anayeacha kazi.

"Hata filimbi, afande?"

"Mbale nitampulizia nani? Mbuzi wa dada?"

Tulicheka. Nikatia alama kwenye daftari.

Niliona. Hilo sijawahi kuliandika popote. Niliona, nikajiambia amepona, kwa sababu nilikuwa nimechoka. Sikumuuliza waziwazi: Mafabi, unafikiria kufa? Niliogopa swali lingempa wazo. Nimesoma mengi tangu hapo. Swali halimpi mtu wazo. Humpa nafasi ya kusema.

Siku ya nne ikaja habari.

Leo nimemweleza Nambozo yote, pamoja na filimbi. 

"Ungeniambia," akasema, "ningelala naye chumba kimoja. Vidonge ningempa kwa mkono wangu. Nilimwacha nikaenda sokoni, kaka, nikimshukuru Mungu kwamba amepona."

Hakuniambia tena nije.

Filimbi iko kwenye droo hii. Niliichukua stoo siku ile ya habari. Kesho nitaituma Malukhu, waiweke kaburini kwake.

Mimi sitarudi.