Wekundu Juu ya Mipaini

Jumanne, 10 Septemba
Uyole nzima hakuna kichwa kama changu. Shule niliacha kidato cha pili, walimu walikuwa wananichelewesha. Leo nimechaji simu za watu kama kawaida, na kila aliyekuja kuchukua yake kapata somo la bure. Dada Neema, anayesomea ualimu wa fizikia chuoni Iringa, kanirekodia sauti kuhusu zile taa za angani za kaskazini. Jua linatema chembe zenye umeme. Sumaku ya dunia inazipeleka kwenye ncha. Zinagonga hewa huko juu, hewa inawaka rangi. Oksijeni inatoa kijani. Juu zaidi, nyekundu. Sauti ndefu. Nimesikiliza nusu. Mimi siyo wa kutafuniwa.

Jumatano, 11 Septemba
Mtandaoni wanasema jua limechafuka wiki hii. Nimewatangazia wote.
Mama Sekela kaleta simu yake, na viazi vya kuchemsha juu. Ananiita profesa. Mjane, amepanga chumba nyuma ya kanisa. Nyumba yake ina kuta tu, tangu mumewe yuko hai. Paa linasubiri mipaini waliyopanda pamoja kule mlimani. Mwakani anavuna. Nimemwambia siku ya kuhamia nakaa meza kuu. Kasema nitakaa jikoni na masufuria.

Alhamisi, 12 Septemba
Giza lilipoingia, anga juu ya mlima likawa jekundu. Watu wakatoka nje. Balozi wetu wa nyumba kumi akachukua nondo, anakwenda kupiga ile rimu ya lori iliyoning'inizwa kanisani. Rimu ikilia, ni moto. Kila mtu anapanda mlima na matawi mabichi.
Nikamzuia. Mbele za watu.
"Shikamoo balozi. Shusha nondo. Hizo ni taa za jua, Ulaya watu wanalipa kuziona."
Watu wakacheka, wakatoa simu, wakapiga picha. Nikawapa chembe, nikawapa sumaku, nikawapa oksijeni. Makofi. Mama Sekela akaniuliza kama nina hakika, maana upande ule ndiko iliko miti yake. Nikamwambia akalale.
Rimu imelia baadaye. Baadaye sana.

Ijumaa, 13 Septemba
Imeungua yote.

Jumamosi, 14 Septemba
Sijafungua kibanda. Nimesikiliza sauti ya Neema mpaka mwisho. Anasema kwetu taa hizo hazionekani, tuko mbali mno na ncha. Halafu anacheka: "Ukiona anga jekundu hapo Uyole, mdogo wangu, kimbia. Kuna mtu anachoma shamba."
Jioni kapiga simu. Hakunigombeza. Bora angenigombeza.

Jumapili, 15 Septemba
Vijana wananiita Profesa Kiberiti. Hilo nimelimeza. Baada ya ibada balozi akataka niitwe kwenye kikao. Mama Sekela akasimama.
"Mwacheni. Mtoto hakujua. Angejua, angenyamaza?"
Wakaniacha. Kuna mama kaniambia pole. Mimi.

Jumamosi, 21 Septemba
Nimepanda mlimani na Mama Sekela. Majivu laini kama unga. Yeye anakata vilivyobaki, mimi nafunga mizigo ya kuni. Mvua zikianza tutaotesha miche upya. Ikifaa kupasua mbao, mimi nitakuwa na watoto, na yeye sijui. Alipochoka tukakaa kwenye kisiki. Kanimenyea kiazi.
Kila mtu anasema sikujua. Neema anasema, balozi sasa anasema, na mimi nimeitikia.
Alhamisi ile upepo uligeuka nikiwa kwenye oksijeni. Ukaleta moshi. Siyo wa jikoni. Ulikuwa na utomvu wa mipaini ndani yake, ule unaokwaruza koo. Niliusikia vizuri kabisa, na nondo bado ilikuwa mkononi mwa balozi.
Watu walikuwa wananipigia makofi. Nikaendelea kueleza.